Tango la Ijumaa

Jina la chakula hiki, msomaji wangu,
siliandiki kwa tahajia yetu:
utaangua kicheko kabla hujanawa mikono.
Basi libaki na vazi lake la ugenini, taco,
mkate wa mahindi uliokunjwa kama barua
isiyohitaji bahasha.

Eufrosina aliijua barua hiyo hata hajaota meno,
kule Ocotlán, jikoni kwa mama yake Hermelinda,
mahindi yakilala usiku kucha katika maji ya chokaa,
alfajiri yakisagwa, yakipigwa makofi
kiganja kwa kiganja
mpaka yakubali kuwa duara.

Sasa yuko Vardø, ncha ya kaskazini ya Norwei,
ambako Januari jua halijisumbui kuchomoza.
Kutwa anapasua samaki kiwandani,
vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu.
Ijumaa ya kwanza mama mkwe wake, Torbjørg, akamwita:
"Njoo. Leo tumepika chakula chenu."

Chakula chenu!

Mezani: maganda makavu, magumu kama vigae,
nyama ya kusaga iliyonyunyiziwa unga wa pakiti,
mahindi ya kopo, jibini ya manjano, malai chachu,
na bakuli, bakuli zima, la tango
lililokatwa vipande mraba vilivyo sawasawa
kana kwamba jikoni mna afisa wa mizani na vipimo.

Akauma. Ganda likapasuka,
nyama ikammwagikia mapajani.
Wote wakashangilia: ndivyo inavyoliwa!
Na dirishani aliona, nyumba ya pili, ya tatu, ya saba,
mtaa mzima, taa zimewaka, vichwa vimeinama,
watu wakivunja vigae vyao katika giza la saa kumi jioni.
Kila Ijumaa, walimwambia. Toka Arnfinn akiwa mdogo.
Bila hivyo wiki haifungi.

Pilipili usiyoila yakuwashia nini?
Waliouliza walidhani swali hilo limejijibu.
Eufrosina alikuwa na jibu lake:
ilimwasha ile ambayo haikuwepo.
Machozi yakamdondoka kwenye tango.
Torbjørg akamsogezea glasi ya maji, uso umemwiva:
"Kali sana, eh? Nilimwambia Arnfinn apunguze."

Miaka tisa.
Aliagiza mahindi kwa posta, chokaa, kikaango cha chuma.
Wageni walisifu, wakala, wakauliza kwa adabu
kama kuna tango.
Mwanawe Eilif hakuuliza kwa adabu.
Aligonga meza kwa kijiko.

Wakaenda Ocotlán mvulana akiwa na miaka sita.
Hermelinda akampakulia: nyama ya nguruwe, kitunguu,
kotimiri, mchuzi mwekundu uliokesha jikoni.
Mtoto akakagua sahani kama karani wa forodha,
kisha, kwa Kihispania chenye baridi ya kaskazini:
"Bibi, tango liko wapi?"

Kimya.
Shangazi mmoja akaweka kikombe chini.
Eufrosina akageukia ukuta, akasoma kalenda ya duka la mbolea,
mwezi mzima, tarehe kwa tarehe.

Bibi akainuka. Akatoka uani.
Akarudi na tango, maana lilikuwepo,
watoto wa pale hulila njiani kila siku,
akalipasua kwa urefu, si kwa mraba,
akalikamulia ndimu, chumvi, pilipili ya unga bila huruma,
akatumbukiza kipande ndani ya taco ya mjukuu.
Eilif akatafuna. Masikio yakawa mekundu.
Akanyoosha sahani tena.

Hapo Hermelinda naye akajikunjia yake,
akaipa mgongo familia, akaonja.
Akatafuna muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Huko kwenu," akamuuliza bintiye, sauti ya chini,
"wanatia na nini tena?"
"Mahindi ya kopo, mama."
"Hilo," alisema, akifuta kidevu kwa aproni,
"usimwambie mtu yeyote hapa."